Mwili Mzima

Pale Mikumi, upande wa barabara kuu ambako malori ya kwenda Zambia husimama kupoza injini, kuna kibanda cha matairi ambacho madereva wengi wanakijua kwa jina la fundi wake, Jeki. Jina lake la ubatizo ni Oswald. Hilo la Jeki alipewa na dereva mmoja wa Tunduma, siku aliyomwona akifungua nati za gurudumu la nyuma zilizoshika kutu, nati ambazo vijana wawili walikuwa wamening'inia kwenye bomba la chuma na bado zikakataa. Oswald alisogea, akalishika bomba, akavuta pumzi, na nati ikalia kwa sauti kali ikafunguka. Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Oswald, isipokuwa mkewe Hildegarda akikasirika.

Alikuwa na miaka arobaini na minne maumivu yalipoanza. Yalianzia mabegani, naye akadhani ni kazi. Yakashuka mapajani, yakapanda shingoni, yakaingia kwenye viganja, na ilipofika mwezi wa tatu hakuwa tena na mahali pa kuonyesha kwa kidole.

"Baba Domina, unaumwa wapi hasa?" Hildegarda alimwuliza.

Alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Mwili mzima."

Alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala, kama mtu aliyepigwa na sungusungu akaachwa njiani. Maji ya kuoga yakimgusa mgongoni yanauma. Mshono wa shati unauma. Akaanza na kusahau: ameweka spana wapi, dereva huyu anaitwa nani, alikuwa anataka kusema nini. Alipima malaria, akapima taifodi, akatolewa damu ya vipimo ambavyo hakujua hata majina yake, akapigwa picha ya mgongo Morogoro. Kila alikokwenda majibu yalikuwa mazuri.

"Huna tatizo, mzee," mpimaji mmoja alimwambia huku akimpigapiga begani, bila kujua kwamba kila kofi lilimfikia kwenye meno. "Mwili mzima huu!"

Kibandani alifanya kazi na mwenzake, Goodhope, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye maneno mengi. Goodhope hakuwa mbaya, ila hakuamini. "Kaka, ukiumwa wewe, sisi wembamba si tulishazikwa zamani?" Mtaani wakasema amechoka kazi. Wengine wakasema ana mwanamke Ruaha anayemmaliza nguvu. Hildegarda aliyasikia yote hayo kisimani na hakuyaleta nyumbani.

Asubuhi moja Oswald alikuwa ameketi kitandani, miguu sakafuni, akijaribu kuinuka. Mkono wake wa kulia ulishika mwimo wa mlango uliokuwa karibu, na akasikia mtu akisema, "Ee, mwili huu."

Aligeuka kutazama. Chumbani alikuwa peke yake. Kinywa kilichosema kilikuwa chake, lakini sauti ilikuwa ya Tomasi, baba yake, aliyekuwa kaburini miaka ishirini na mitatu.

Tomasi alitoka Songea akiwa kijana, akaja kukata mkonge Kimamba. Mkonge ulipoyumba aliajiriwa kwenye genge la reli la Kilosa, watu wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto jua likiwaka. Mwaka 1995 walipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani. Alikuwa mrefu, kifua kipana, hana kovu wala kilema. Asubuhi alitandika mkeka barazani, pale jua linapoanza kugusa ukuta, akajilaza. Alipotaka kuinuka alishika mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia, akasema yale maneno yake. Ukimwuliza anaumwa nini, anasema mwili. Ukimpeleka hospitali, wanasema mzima.

Mkewe alikuwa ameshafariki. Shamba lilibaki kwa watoto wake wawili: Costancia, aliyekuwa mkubwa, na Oswald, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Kijiweni walimpa Tomasi jina la Mzee Mkeka, na vijana walilitamka Oswald akiwa hapohapo, kisha wakamtazama waone atafanya nini.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, palizi ikiwa imewazidi, Oswald alirudi kutoka shambani na matope mpaka magotini, akamkuta baba yake amelala palepale, na watu wakipita kutoka kanisani. Kitu kikampanda kichwani. Akaushika mkeka upande mmoja, akauvuta kwa nguvu, na baba yake akabiringika sakafuni.

"Mwanamume mzima unajianika barazani kama mahindi!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hata aibu huna?"

Watu wawili watatu walicheka. Tomasi aliushika mwimo wa mlango. Aliinuka polepole, akachukua jembe, akaenda shamba, akalima mpaka jua likazama. Kwa wiki tatu baada ya siku hiyo, Costancia alimlisha kwa kijiko.

Lakini kilichomrudia Oswald zaidi hakikuwa ule mkeka, ilikuwa miaka iliyofuata. Tangu alipopata nafuu, Tomasi hakulala tena barazani mwanawe akiwepo. Oswald alikuwa na baiskeli ambayo mnyororo wake uligonga kava kila pedali ilipozunguka. Ulisikika tangu darajani. Baba yake akiusikia, aliinuka. Oswald alipokata kona alimkuta amesimama, ameshika chochote kilichokuwa karibu: ufagio, jembe, mara moja kikombe kitupu. Anafagia mahali palipokwisha kufagiwa, jasho linamtoka, midomo ameikaza. Ilikwenda hivyo miaka miwili, hadi homa ya mapafu ilipomchukua. Na Oswald alijua. Alijua kwamba mzee anainuka kwa ajili ya mnyororo ule. Alikuwa na mikono ya ufundi tangu utotoni, mnyororo ungemchukua dakika kumi, na hakuwahi kuukaza.

Sasa yeye mwenyewe, pikipiki ya Goodhope ikinguruma asubuhi kutoka kwa mbali, aliinuka haraka kutoka kwenye tairi alilokalia na kushika spana. Alifanya hivyo wiki nyingi bila kujiona. Siku aliyojiona, spana ilimponyoka ikaanguka kwenye zege, na alisimama pale akiitazama mpaka Goodhope akamwuliza kama amepoteza kitu.

Jioni alimwambia Hildegarda habari yote, ya mkeka na ya baiskeli. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwa amemwambia.

"Baba amenishika," alisema. "Hiki si kingine."

Hildegarda alitikisa kichwa. "Mimi simjui marehemu. Lakini mzazi anayeinuka ili mtoto asikasirike, ndiye wa kumlaani mtoto huyo?"

Oswald hakumsikiliza. Alikwenda kwa mganga Magole, akaambiwa kuna mzee hajaridhika. Alichanjwa chale mabegani, akapewa dawa ya kuogea na ya kufukiza. Na japo maumivu hayakupungua hata kidogo, alirudi Mikumi na unafuu wa namna fulani. Mzee asiyeridhika anaweza kuombwa radhi. Mzee mwenye hasira ni mzee mwenye nguvu, ana mkono wa kupiga. Oswald alikuwa tayari kupigwa. Alijifukiza, akaona moshi umezunguka chumbani kama mtu anayetafuta pa kukaa, na kila kitanda kilipolia aligeuka.

Mwaka uliofuata walikuja madaktari bingwa wilayani kwa wiki moja. Hildegarda ndiye aliyesikia tangazo kwenye kipaza sauti, na ndiye aliyemsindikiza. Walimkuta Dokta Magreth, mwanamke mfupi mwenye miwani, sauti ya chini. Hakuanza na ile picha ya Morogoro. Alianza na usingizi.

"Ukiamka unajisikia umelala?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

Oswald akasita. Hildegarda akajibu, "Huu mwaka wa tatu, daktari."

Dokta Magreth alimbonyeza kwa kidole gumba: mabegani, viwiko, nyonga, pembeni ya magoti. Hakutumia nguvu. Mtu mwenye nguvu za kufungua nati za lori alijivuta nyuma, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu.

"Usione haya," daktari alisema. "Wanaume wengi wakiletwa kwangu, wanakuwa wamechelewa. Na anayeongea ni mke."

Aliwaeleza taratibu. Mifupa haijaoza na misuli haijachanika. Ni mishipa ya fahamu na ubongo kupokea maumivu kwa ukali kuliko inavyotakiwa, kama redio iliyokwama sauti ikiwa juu. Ndiyo maana picha haioni kitu. Lakini ugonjwa upo, na una jina: fibromayalgia. Hauui. Hauondoki kirahisi pia. Kuna kidonge cha jioni cha kusaidia usingizi, kuna kutembea kila siku kidogo kidogo, kuna kujua siku ya kusema leo siwezi.

"Katika familia yenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?" aliuliza huku akiandika. "Wakati mwingine hufuata ukoo."

Hildegarda aliangalia sakafu.

"Baba yangu," Oswald alisema.

"Alitibiwa?"

"Hapana."

"Pole. Wengi wa wakati ule walionekana wavivu tu." Alilisema kwa huruma, kalamu ikiendelea kwenda.

"Daktari," Oswald alisema. "Mtu mwenye ugonjwa huu akilimishwa siku nzima kwa nguvu, inakuwaje?"

Kalamu ikasimama. "Anaweza kushindwa kuinuka siku nyingi."

"Wiki tatu?"

"Hata wiki tatu. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Watu wengine wakipewa jina la ugonjwa wao hupumua. Hildegarda alipumua, njiani alikuwa akisema ahsante Mungu, ahsante Mungu, si saratani, si uchawi. Oswald alikaa dirishani akiangalia nje. Daktari alikuwa amemwondolea laana, na laana ndiyo iliyokuwa imemweka baba yake karibu. Aliyebaki sasa ni mtu mgonjwa, mgonjwa kweli, aliyekuwa akisema kweli kila asubuhi kwa maneno matatu, na hakuwa amemlaani mtu. Alikuwa akiumwa tu. Na mnyororo ukisikika darajani, alikuwa akiinuka.

Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Mwisho akapanda basi la Kilosa.

Costancia bado anaishi katika nyumba ya baba yao, mtaa wa nyuma ya stesheni. Alikuwa barazani akichagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

Oswald aliketi, akaeleza yote: mganga, daktari, jina la ugonjwa. Akamaliza na habari ya baba yao. Costancia hakuacha kuchagua maharage. Mabovu aliyatupia kuku mmoja mmoja.

"Kwa hiyo sasa una jina lake," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Mimi nilijua bila jina. Nilikuwa namkanda. Nilikuwa nikimgusa hapa," akajigusa pembeni ya goti, "anashtuka kama mtoto. Mtu hawezi kuigiza kushtuka huko kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo aliinua uso. "Nilikuambia, Oswald. Nilikuambia mara ngapi? Ulisema namdekeza."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesahau, na sasa alilikumbuka neno lenyewe na mahali alipolisemea.

"Nisamehe, dada."

"Mimi hukunifanya kitu." Akarudi kwenye ungo. "Nenda kamsalimie Mzee Cosmas. Hajakuona tangu msiba."

Mzee Cosmas alikuwa ametumika genge moja na Tomasi. Sasa ana miaka themanini na zaidi, anaishi karibu na reli kuukuu, masikio yamezibika kidogo lakini kichwa kizima. Oswald alimwamkia, akajieleza.

"Mtoto wa Tomasi! Wewe ndiye uliyekuwa na baiskeli."

"Ndiye mimi, mzee." Alingoja aseme zaidi kuhusu baiskeli. Mzee hakusema. Ikabidi Oswald aulize mwenyewe: baba yake alikuwaje kazini?

Mzee Cosmas alicheka kidogo, akapangusa mdomo. "Tulikuwa watu sita. Kazi ya watu sita tuliifanya watano. Siku akiwa vibaya tulimpa bendera nyekundu, akakae mbele kule kuangalia treni. Mnyapara akija, tunampa sululu aishike, tunasema ndiyo kwanza amepumzika."

"Kwa muda gani?"

"Miaka tisa. Au kumi? Ilikuwa miaka mingi."

"Na nyinyi hamkuchoka?"

"Tulichoka. Kwanza tulimteta, kwamba huyu anatuchezea. Halafu mwenzetu mmoja akasema tumwangalie akiwa hajui anaangaliwa. Tukamwangalia. Mtu mwongo akiwa peke yake uso unalegea. Wa Tomasi ulikuwa uleule. Basi, tukaacha maneno."

Kuku walipita. Mzee akaendelea, sasa akiangalia reli.

"Kuna kitu kimoja tu alituomba. Alisema, nyumbani msiseme. Nina mtoto wa kiume, ana miaka minane, anawatambia wenzake kwamba baba yake anabeba reli peke yake. Mwacheni aendelee kujua hivyo."

Oswald aliinamisha kichwa akakaza macho kwenye vidole vya miguu yake. Alikumbuka sasa, alikuwa akisema hivyo shuleni, na alipigana na mtoto mmoja aliyesema si kweli. Baba yake alikuwa ameyalinda majigambo hayo kwa miaka, na yakaja kukua yakawa mkono wa kuvuta mkeka. Alipotaka kuondoka, nyonga zilikataa. Mzee Cosmas alimnyooshea mkono, mkono mwembamba wa miaka themanini, ukamvuta akasimama.

"Na wewe unao," mzee alisema. Hakuuliza.

"Ninao."

"Pole, mwanangu."

Makaburini alifika mchana. Msalaba wa saruji ulikuwa umeinama, herufi za jina zimeliwa na mvua. Alikaa chini kwenye majani, juani. Watu walipita njia ya juu, wakamtazama, wakasalimia. Aliwaitikia akiwa ameketi. Alingoja kusikia chochote, hata lawama. Hakuna kilichokuja isipokuwa upepo, na maumivu yake yaliyokuwa yakitembea kutoka bega hadi bega, taratibu, kama mwenyeji anayekagua nyumba.

Aliporudi Mikumi, alimwambia Goodhope ukweli siku ya Jumatatu. Alisema hatashika tena nati za malori. Atabaki na kuziba tyubu na kupima upepo. Goodhope alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kaka, sasa tutakuitaje?" Alipatikana mtu mwingine wa kushika bomba, na madereva wawili wa siku nyingi walihamia kibanda cha mbele, kwa kuwa kwa Jeki, walisema, siku hizi hamna Jeki.

Msiba ulipotokea mtaani, wanaume walikwenda kuchimba kaburi, naye akaenda. Zamu yake ilipofika aliletewa sululu. Hakuipokea.

"Naumwa," alisema.

Mmoja akasema, "Mwili mzima huo, unaumwa nini?"

"Huohuo mwili mzima. Baba yangu aliumwa hivihivi, na mimi nilimwita mvivu mbele za watu. Alikufa nikimwita hivyo."

Sululu ilipita kwa mwingine, kazi ikaendelea. Wakati wa kurudi, Ngolo, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, mtu wa maneno machache sana, alitembea kando yake mpaka njia panda. Pale akasema, bila kumtazama, kwamba na yeye mwaka wa tano sasa haijui asubuhi isiyouma, na kwamba mkewe anadhani ni hasira. Akaaga, akafuata njia yake. Tangu hapo wakikutana husalimiana kwa muda mrefu kidogo kuliko watu wengine.

Kidonge cha jioni kinasaidia siku nyingine, na siku nyingine hakisaidii. Hutembea asubuhi, kutoka kibandani mpaka njia panda na kurudi. Ile sauti bado inakuja anapoinuka kitandani. Zamani alikuwa akiumeza mguno usitoke. Sasa anauacha utoke, na Hildegarda amezoea kusikia watu wawili katika mtu mmoja.

Costancia hakusema kwamba amemsamehe, na Oswald hajauliza tena. Lakini Jumapili moja baada ya misa simu iliita.

"Leo wapi?" Costancia aliuliza bila salamu.

"Shikamoo. Leo shingo, na mikono."

"Baba shingo ikimshika nilikuwa napasha chumvi kwenye kikaango, nafunga kwenye kitambaa. Isiwe ya moto sana. Unaanzia chini, unapanda. Akisema tosha unaacha, hata kama hujamaliza."

"Sawa, dada."

"Na alikuwa hapendi kusemeshwa wakati huo."

Akakata. Jumapili iliyofuata alipiga tena, akaeleza habari ya miguu, jinsi Tomasi alivyoweka mto wa nguo kuukuu katikati ya magoti. Iliyofuata ikawa ya siku za baridi. Hivyo ndivyo Oswald anavyomjua baba yake sasa, kiungo baada ya kiungo, kwa simu. Kila jambo analoelekezwa linampa nafuu kidogo, na kila jambo linamwonyesha saa fulani ya siku fulani, chumba cha nyuma, dada yake amepiga magoti na kitambaa cha chumvi, na yeye mwenyewe akiwa nje, kijana mzima, akiwacheka.

Hildegarda huweka kikaango jikoni. Oswald hugeuza mgongo, akanyamaza, akasubiri joto.